Kura Niliyoituma Ipotee

Stempu moja na bahasha moja. Nimehesabu mara mbili, hakuna kingine nilichotumia. Kwa gharama hiyo, leo mchana nimejivua nguo mbele ya watu ishirini na saba, mke wangu akiwa mmojawapo.

Ngoja niwasimulie kwa mpangilio, maana hata mimi bado sijaamini.

Hapa Johannesburg tuna chama cha kuzikana cha sisi tunaoongea Kiswahili: Watanzania, Wakongo, Warundi. Mtu akifa, chama kinamrudisha kwao. Nimekuwa mwenyekiti miaka sita, na kazi kubwa ya mwenyekiti ni kubishana na wenye majeneza na wenye magari mpaka washushe bei. Ndiyo kazi pekee ambayo mdomo wangu unaheshimiwa. (Kwenye meza ninayouzia mikanda pale Hillbrow naitwa msumbufu.)

Mwaka huu nikapata mpinzani. Mama Furaha, fundi cherehani kutoka Bukavu, anakaa Turffontein. Mpole, na ana risiti ya kila kitu. Watu wa namna hiyo ni hatari.

Mwezi uliopita alisimama mkutanoni na hoja. Walinzi wetu watano wa Randburg hawajawahi kupiga kura, kwa sababu uchaguzi huwa Jumapili, na Jumapili wako getini. Basi watume kura kwa posta.

Nilicheka. Nikasema posta ya nchi hii ni kaburi lenye mlango mdogo. Nikatoa mfano wa kadi ya Idi iliyonifikia Idi nyingine imeshapita. "Mnataka tumpate kiongozi mwaka huu au mwakani?" Watu wakapiga makofi.

Mama Furaha akaniangalia juu ya miwani, akasema kwa Kiswahili cha kwao Bukavu. "Baba, unaogopa barua, ao unaogopa bale benye kuziandika?"

Yeye akapigiwa makofi zaidi. Hoja ikapita.

Nikafanya kama sokoni: ukishindwa kwenye bei, bana kwenye masharti. Nikadai mawili, yakaandikwa. Kwanza, kura ya posta iwe na jina na sahihi, na isomwe kwa sauti. (Nilitaka walinzi waone haya kunikataa kwa majina yao.) Pili, aliyetuma barua asinyooshe mkono ukumbini. Akinyoosha, mkono unafutwa, barua ndiyo kura. Hili la pili nililisema nikigonga meza.

Halafu nikapata akili. Natamani ningeikosa.

Nilipiga hesabu hivi: barua moja ikipotea, na ushahidi ninao, nitaomba kura zote za posta zifutwe. Kwa hiyo lazima ipotee moja. Ya nani? Yangu. Na ndani niandike nini? Hapo mchuuzi ndani yangu akaamka. Hupeleki mali nzuri mahali unapojua itaibiwa. Nikaandika: "Mimi Shomari, kwa akili zangu timamu, nampigia kura Mama Furaha." Nikasaini. Ikishapotea, ningesimama niseme, mama, hata kura niliyokupa kwa moyo mweupe posta wameila. Nikaandika na nakala ya pili, nikaitia mfukoni. Hiyo ndiyo ushahidi.

Ili isifike kabisa, niliituma Alhamisi jioni, kwenye sanduku la posta lenye kutu ambalo watu wanalibandika matangazo ya waganga. Anwani: "Chama cha Kuzikana, Turffontein, karibu na farasi." Namba ya nyumba sikuweka. Mtaa sikuweka. Nikaenda kulala kama mtu aliyefunga duka salama.

Leo tukakutana Turffontein, kwenye gereji ya katibu wetu, Mwalimu Ruben, Mrundi aliyefundisha darasani miaka mingi na bado anatuona wote ni darasa la tatu. Tukaanza na mikono. Mimi kumi na saba, nikiwemo mwenyewe, Mama Furaha kumi na mmoja. Nilihesabu mara mbili.

Zikaja bahasha. Zote tano za Randburg zilikuwa zimefika. Nilishtuka, lakini nikajikaza. Mwalimu akasoma moja baada ya nyingine. Mlinzi mmoja aliandika, "Nimeishi mji huu miaka minane, nafungulia watu geti. Leo mimi pia nimefunguliwa." Wote watano wamempa Mama Furaha.

Kumi na saba kwa kumi na sita. Nimeponea kwa moja. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti ili nishukuru.

"Bon," akasema Mwalimu Ruben. "Kaa kwanza, Mwenyekiti. Kuna ya sita."

Nikafungua kifungo, nikakaa.

"Hii mtu wa posta aliileta jana, mkononi. Anasema amegonga milango minne karibu na uwanja wa farasi akiuliza ni nani hapa anazika watu."

Akaisoma. Polepole, kwa sauti, na jina, na sahihi. Kama nilivyodai.

"Huo si mwandiko wangu," nikasema. Jasho lilikuwa limeshafika kwenye kola. Nikachomoa kitambaa nijifute, na nakala ikachomoka nacho, ikatua miguuni kwa mke wangu Thandi. Thandi ni wa hapa, lakini alizaliwa Morogoro wazazi wake wakiwa uhamishoni, na Kiswahili anakisoma haraka kuliko mimi. Kwa bahati mbaya.

Akasoma. Akaikunja mara mbili.

"Eish, Baba Neema. Mimi nimekunyooshea mkono."

Mwalimu akafungua daftari la masharti. Mkono wangu ukafutwa, barua yangu ikahesabiwa. Mimi nikashuka kumi na sita, Mama Furaha akapanda kumi na saba. Kura moja imenipiga mara mbili. Nikadai zihesabiwe upya. Zikahesabiwa upya. Zilikuwa zilezile.

Mama Furaha akaja kunipa mkono, bila hata kutabasamu. "Aksanti kwa kura, baba. Lakini kubishana na benye majeneza mimi sijui. Kama ungali unaitaka ile kazi, andika barua ya kuomba. Nitaingojea posta."

Sasa niko intaneti kafe, naogopa kupanda ngazi kwenda nyumbani. Thandi ametangulia juu, na ile nakala anayo yeye. Naombeni ushauri: niiombe ile kazi, au nikate rufaa? Na kwa Thandi nianzie wapi? Nijibuni hapahapa mtandaoni. Msinitumie barua.

Itafika.