Mkahawa Wangu Uliohamia Marseille

Jumatatu, 4 Mei
Lamjed kanunua televisheni mpya. Kubwa kama mlango wa gereji. Kaitundika kwenye mkahawa wake, ng'ambo ya barabara, ikinitazama moja kwa moja, ili hata nikifuta vikombe niione. Jumapili timu yetu inacheza fainali na watu wa Tunis. Yeye ana king'amuzi cha kulipia. Mimi sina, na sitakuwa nacho, kwa sababu Lamjed anacho.

Tatizo ni Mzee Khemais. Mstaafu wa reli. Amekalia meza ya dirishani tangu enzi za marehemu baba, yeye na wenzake saba wa karata. Hao wanane ndio mkahawa, wengine ni wapita njia. Leo nimemkamata akikagua viti vya Lamjed kwa macho. Nikamuuliza Jumapili atakuwa wapi. Akasema atakuwa penye mpira. Wakihama hao, nifunge mlango nikalale.

Jumanne, 5 Mei
Nimepata! Kuna chaneli ya Ufaransa itakayoonyesha fainali bure, ila kwa walioko Ufaransa tu. Basi na tuwe Ufaransa. Nimekodi seva huko Marseille, na ndani yake nitaweka ruta pepe. Haina boksi wala taa, ni programu tu ndani ya kompyuta ya watu. Intaneti ya mkahawa itapita kwake kwanza, kisha ndiyo itoke, na dunia itaamini niko bandarini Marseille nauza chai. Wakati wa kujisajili waliomba namba ya simu. Nikatunga ya Kifaransa, nionekane mwenyeji. Akili hiyo!

Rafika, mke wangu, kauliza kitu kisicho na boksi kikigoma nitakipiga kofi wapi. Nikamwambia hakigomi. Akasema haya, akaendelea kumenya vitunguu.

Jumatano, 6 Mei
Asubuhi nzima nimenakili amri kutoka kwenye video ya mwalimu anayefundisha kama mtu aliyeacha teksi inamngoja. Mchana ruta ikaitika. Televisheni yetu sasa ni Mfaransa kamili. Tangazo la kwanza: mafundi wa hita, wanafika ndani ya saa moja, popote Marseille. Mzee Khemais kataka niwapigie. Hita yake inapiga kelele tangu Januari.

Ijumaa, 8 Mei
Majaribio. Mechi ya kirafiki. Picha safi, wote wanane wapo. Mara ng'ambo wakalipuka: goli! Kwetu mpira bado uko kwa kipa. Tukasubiri. Goli likaingia, hakuna aliyeshangilia. Picha yetu imechelewa karibu nusu dakika. Kipindi cha pili Mzee Khemais aliipa televisheni mgongo, akawa anautazama mkahawa wa Lamjed na kuwatangazia wenzake yatakayotokea. Lamjed akasimama mlangoni kwake, akapaza sauti: "We Mundher! Huko kwenu mechi ya mwaka gani hiyo?" Wateja wangu wakacheka. Wangu!

Mzee akaniambia kwa upole kwamba ananistahi kwa ajili ya baba, lakini umri wake haumruhusu kusubiri goli mara mbili. Kanipa hadi Jumapili.

Jumamosi, 9 Mei
Mchawi nimempata. Waifai yangu imebeba simu thelathini, na mkahawani tuko tisa. Wateja wa Lamjed! Wanakunywa kwake, wananyonya kwangu. Neno la siri ni jina la baba, nalo liko kwenye kibao juu ya mlango. Dawa ni sheria mbili. Ya kwanza, ruta iwafungie wote. Ya pili, iniruhusu mimi na vyombo vyangu. Nikaandika ya kwanza, nikahifadhi. Ruta ikatii papo hapo. Ya pili sikuwahi kuiandika, kwa kuwa na mimi ni miongoni mwa wote.

Ipo njia ya dharura kwenye tovuti ya kampuni iliyonikodisha seva. Wanakutumia namba ya siri kwa simu. Wameituma. Anayo mtu fulani huko Marseille, na nadhani anashangaa.

Jumapili, 10 Mei
Saa tisa alasiri, dakika chache kabla ya mpira. Nimeachana na ruta pepe, nikarudia intaneti ya kawaida. Televisheni ikaandika kwamba chaneli hii haionekani nchini kwako. Mzee Khemais aliyatazama maandishi hayo dakika kumi nzima, kwa heshima ya baba. Kisha akainuka, akabeba kiti chake, akavuka barabara. Saba wakamfuata, kila mmoja na kiti changu. Nikafuta meza ambayo ilikuwa safi.

Haikupita muda, Mzee akatokeza kwenye mlango wa Lamjed, mikono kiunoni. "Mundher, mwanangu! Chai ya huyu bwana ni maji ya kunawia miguu! Tuletee yetu, yenye lozi!" Nikapeleka nane. Waliokaa jirani wakasikia harufu, wakaagiza. Nikavuka na sinia mpaka nikapoteza hesabu. Goli letu, dakika ya mwisho, lilinikuta katikati ya ukumbi wa Lamjed. Nililiona likiingia wakati uleule lilipoingia. Lamjed akanikumbatia, chai ya watu ikamwagika, tukaruka kama watoto. Nilifurahi sana. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli.

Sijawahi kuuza kama leo. Lamjed kasema tuache ugomvi: yeye awe na mpira, mimi niwe na chai. Rafika kasema nikubali kabla jamaa hajabadili mawazo. Mzee kasema miguu yake ndiyo iliyovuka, tumbo lake halijahama. Nikawajibu nitafikiri.

Jumatatu, 11 Mei
Nimefikiri. Kosa lilikuwa Marseille, mbali mno. Palermo, kule Italia, ni pua na mdomo. Mwezi ujao timu ya taifa inacheza. Viti vyangu vinane bado viko kwa Lamjed. Vikae tu, wenyewe watavirudisha watakapoiona picha yangu.

Nimeshakodi seva. Safari hii nimeanza na sheria ya kuwafungia wote, nisije nikasahau. Kampuni imeomba namba ya simu. Nimetunga ya Kiitaliano, nzuri sana, yenye saba nyingi.