Friji, Upepo na Marehemu Babu Zuber

Jumanne, 8 Julai 2003

Leo ndiyo leo! Kampuni ya umeme wa upepo imefika Isongole. Injinia wao, Yohane, alifungua tu mlango wa gari, kofia ikaruka hadi kwenye viazi vya watu. Akacheka, akasema hapa ndipo. Wanataka kilima kimoja cha kusimamisha mnara wa mapanga matatu, na nyumba ya jirani na mnara itawashiwa umeme kwanza. Kilima kirefu kuliko vyote ni changu! Mimi Mansuri, mwenye duka, niliyefika Lusaka, Lubumbashi na Zanzibar (nusu siku), nasema saa yangu imepiga. Friji niliyonunua Tunduma ina mwaka wa pili haijaonja umeme. Kuku anatagia ndani. Mke wangu Hajira anawaambia wateja kwamba ameolewa na mwenye banda la kuku la bei mbaya kuliko yote wilayani Rungwe. Nimemwahidi kuuza soda baridi kabla ya Idi. Akauliza ni nani kwenye baridi hii anatafuta kitu cha baridi zaidi. Hana maono.

Jumatano, 9 Julai

Mkutano wa kijiji. Vita! Ambindwile, mzee wa kanisa, mwenye kilima cha pili baada ya changu, alisimama na kusema mapanga yale yatakatakata mawingu, mvua itahamia Mbeya mjini wasikolima kitu, na viazi vyetu vitakufa wima. Nusu ya watu wakapiga makofi. Nikasimama. Nikawaeleza kwamba nililala gesti ya Dar es Salaam chini ya feni wiki nzima, na feni ile haikufukuza hata mbu, sembuse wingu. Kicheko! Bibi Atupele, mteja wangu wa sukari ya mkopo, alicheka mpaka akapaliwa. Ambindwile akauliza tangu lini darasa la sita likafundisha upepo. Nikamjibu la saba nililisikilizia dirishani. Hatukuelewana. Injinia atakuja Jumatatu kukagua vilima, nasi tuamue.

Ijumaa, 11 Julai

Siri kubwa! Dereva wa kampuni, akiwa amejaza mdomo maandazi yangu ya bure, kaninong'oneza kwamba barabara kuu ilipopanuliwa, mwenye kaburi shambani alipata fidia kuliko wote. Mnara napata. Kwa nini nisipate na fidia? Baada ya swala ya Ijumaa nilipanda kilimani na jembe. Nimechimba kaburi safi, nimelielekeza kibla, maana mimi si mhuni. Kibao: BABU ZUBER. Sina babu Zuber. Udongo mweusi umetuna vizuri, unang'aa. Hajira haambiwi.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeamshwa na vilio. Bibi Atupele alikwenda kukata majani ya ng'ombe, akaona kaburi bichi. Kaburi bichi bila msiba! Huku mtu atakuibia ng'ombe na mtasameheana, ila kuzika kimyakimya ni kuwaambia majirani kwamba wao si watu. Mavuno ya viazi yakaachwa palepale. Wakaja na kuni, mikeka, na mikungu ya ndizi kutoka Ikuti. Bibi Atupele akanishika mashavu yote mawili. Akasema, ugwe, wewe Mansuri, mwanangu, tumekukosea nini mpaka ukazika peke yako kama mchawi? Nikasema alikufa ghafla mno. Hajira akanitazama. Hajira anawajua ndugu zangu wote. Akajifunga kanga, akakaa mkekani, akalia. Kwa jicho moja.

Jumapili, 13 Julai

Uwanja umejaa! Ambindwile kaleta kanisa zima baada ya ibada, mzigo wa kuni kichwani kwake mwenyewe. Akaniambia mapanga tuyaweke pembeni kwanza, baba, msiba ni msiba. Nikaona haya. Kidogo. Mchele wa dukani umekwisha, sukari imekwisha, majani ya chai yamekwisha, na hakuna aliyeondoka na njaa kwa Mansuri! Wakaniomba niwaeleze habari za marehemu. Nikaanza polepole: seremala wa Ndola, mfupi, mpenda watoto, alifuga paka mwenye mkia nusu. Nilipofika kwa yule paka nililia kweli kweli. Uwanja wote ukalia nami. Sijawahi kuhutubia vizuri namna ile.

Jumatatu, 14 Julai

Injinia alipanda kilimani. Safari hii kofia aliivua mwenyewe. Nikamsogelea kwa mwendo wa mfiwa, nikagusia fidia. Akasema barabara haina pa kukwepea, ila mnara unakwepa, na penye kaburi wao hawagusi. Kisha akaniua: kilima changu ndicho walichokuwa wamekichagua tangu mwanzo! Akageuka kuelekea cha Ambindwile. Nikasema babu hatajali. Nikasema babu alipenda sana upepo. Nikasema tumhamishe leo hii, ni mwepesi. Watu wakanidaka mikono, wakamwambia injinia anisamehe, uchungu umenipanda kichwani. Na Ambindwile, bwana wa kukatwa mawingu? Alitazama kilima chake, akatazama mbingu, akasema hata upepo ni kazi ya Mungu. Waliompigia makofi mkutanoni wakamgeuzia mgongo. Waliocheka pamoja nami wakampongeza. Bibi Atupele akasema yeye atasikiliza kwanza kama mnara unanguruma, ng'ombe wake ana mimba.

Jumatano, 16 Julai

Matanga yameanuliwa. Hajira kasema Babu Zuber alikuwa na afadhali, alikuwa na kazi inayoeleweka. Bibi Atupele kapanda maua kaburini. Ambindwile kapita dukani, kasema umeme ukija niipeleke friji nyumbani kwake, atanitunzia bure. Friji yangu! Kwake!

Nimekaa nimefikiri mpaka chai ikaganda utando. Kosa nimeliona. Kaburi halikuwa na ubaya wowote, nilikosea kilima! Likitokea moja kwa Ambindwile, injinia atarudi kwangu mbio. Nimeshampata marehemu: shangazi yake Babu Zuber, mcheshi, mchoma maandazi wa Lubumbashi. Maskini, nimeshaanza kumlilia.

Mchele wa waombolezaji nimeagiza mapema.