Buti Zilizo Chini ya Kitanda

Jumatatu, 3 Machi 2014

Mokami wangu,

Leo kijiweni Kewanja kumechafuka. Mwenyekiti Athuman alitukusanya waendesha pikipiki wote. Akasema mwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kule machimbo mapya hataki tena kuona mtu anabeba viroba vya mawe akiwa na ndala. Ni kwa sababu ya mwenzetu Dullah. Kiroba kilimwangukia wiki iliyopita, vidole viwili vya mguu vikaenda. Kuanzia Jumatatu ijayo, asiye na buti anavua kizibao cha kijiwe na nafasi yake anapewa mwingine.

Kizibao changu ni kile ulichonishonea jina mgongoni kwa uzi wa njano. Herufi ya mwisho imepinda kwa sababu ulinyanyuka kugeuza ugali. Sivui.

Heche alifurahi. Ana buti za mgodini zenye chuma mbele, na kila asubuhi anazigonga kwenye jiwe ili tusikie. Akasema mdogo wake amerudi kutoka Sirari na anatafuta nafasi, kisha macho yake yakatua kwenye katambuga zangu. Akaniuliza, kama Wakurya tunavyoitana vijana, "Mura, hayo matairi ya miguuni umeyajaza upepo leo?" Kijiwe kizima kiliangua kicheko. Hata mimi nilicheka kidogo. Utani ulikuwa mzuri.

Najua utakachosema. Utasema buti ninazo. Ninazo. Ulininunulia kwa faida ya dagaa, ukazifunga kwenye kanga yako ya zambarau, Krismasi ile ya mwisho. Zipo kwenye boksi chini ya kitanda na zitakaa hapo hapo. Nina mpango mwingine.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wenyewe: mabuti ya mvua ya marehemu baba. Soli zimekwisha, shingo bado nzima. Nimezikata shingo kwa kisu na kuzivisha juu ya katambuga hadi kwenye vidole. Vidole vilivyochungulia nimevipaka dawa ya viatu, nyeusi. Nikajitazama kwenye kioo cha pikipiki. Mtu wa heshima. Sijui kwa nini viwandani hawajalifikiria jambo hili.

Kijiweni nilipita mbele ya Heche polepole. Athuman akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hadi hapo nilikuwa nimeshinda.

Halafu mvua. Kwenye mteremko wa kisimani tope lilikuwa zito, pikipiki ikayumba, nikatia mguu chini. Nilipouinua ulikuja peke yake. Katambuga ilibaki topeni, na shingo ya buti ikapanda hadi gotini kama bangili. Heche alikuwa nyuma yangu. Siku hizi Heche yuko nyuma yangu kila niendapo, sijui ananitakia nini. Alisimama, akaichimbua katambuga, akanikabidhi kwa mikono miwili kama kichanga. Akasema, "Pokea mwanao, yu hai."

Kufika saa ya chakula, machimbo yote yalikuwa na habari. Nimevumilia. Mpango ulikuwa mzuri, tatizo lilikuwa tope.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda Tarime mjini kwa Faraji, fundi viatu, yule ambaye babu yake alikuja na cherehani kutoka Tanga. Ulipenda anavyosema "karibu" kama vile nyumba ni yako. Nikamwambia anitengenezee katambuga zenye chuma mbele, mfano wa za Heche lakini za bei ya binadamu.

Akaniuliza kwa nini nisitafute buti. Nikasema ninazo. Akaacha kugonga.

"Unazo, kaka?"

Ninazo.

"Zinakubana?"

Hazinibani. Akanitazama kidogo, akarudi kwenye nyundo yake. Ndiyo maana nampenda Faraji.

Alichukua kopo la maziwa ya unga, akalikata na kulikunja, likafunika vidole vyote. Kazi safi. Picha ya ng'ombe bado inaonekana upande wa kulia. Alinionya kwamba bati halina ngozi ndani, na mguu wa kulia unakaa karibu na bomba la moshi. Buti ya kweli, alisema, ina ngozi nene, inapanda hadi juu ya kifundo, na soli yake haitelezi kwenye breki. Nikamjibu kwamba mguu wangu ni wa Mkurya. Akasema bomba halijui kabila.

Alhamisi, 6 Machi

Mteja wa kwanza alikuwa Regina, yule jirani yako wa meza ya dagaa. Sasa anapika chakula kule machimboni. Alipanda na masufuria yake, akaona ng'ombe kwenye kidole changu, akaguna. Regina akiguna ni kama mwingine ametoa hotuba.

Kupanda kilima ni gia ya kwanza mwanzo hadi mwisho, injini inanguruma na bomba linawaka. Nikaanza kusikia joto. Kisha nikasikia zaidi ya joto. Mokami, bati lilikuwa limeegemea bomba na sasa vidole vyangu vilikuwa mahindi ya kuchoma.

Ningeweza kusimama. Mtu wa kabila lingine angesimama. Lakini Heche alikuwa nyuma yangu, na mimi nilisimama mbele ya kisu cha tohara asubuhi ya baridi, wazee wote wakitazama, na sikupepesa jicho. Siwezi kulia kwa sababu ya kopo la maziwa. Nikakaza uso. Nikatazama mbele.

Regina akaniambia sikioni, "Shemeji, kuna mtu anachoma nyama hapa njiani?"

Nikasema huenda.

"Mbona inatufuata?"

Tulipofika juu nilishuka taratibu, nikamshushia masufuria, nikampa siku njema. Halafu nikaingia kwenye dimbwi la kuoshea mawe kwa miguu yote miwili. Moshi ulitoka. Wachimbaji wakasimama wakatazama. Nashukuru, hakuna aliyeniona nikilia, kwa sababu sikulia. Maji yale yalinirukia machoni.

Ijumaa, 7 Machi

Mguu umefungwa bandeji. Muuguzi wa zahanati aliniuliza nimeungua na nini. Nikasema maziwa. Akaandika.

Jioni Regina alileta uji. Akainama kutafuta kigoda, akaliona boksi. Alilivuta, akafungua kanga. Kisha akaanza. Akasema aliketi meza moja na wewe ukibana faida ya dagaa ili ununue buti hizi, na kila pikipiki ilipoanguka barabarani ulikuwa unasimama kuangalia kama ni mimi. Akauliza, "Alinunua zivaliwe au zilale?"

Nikamwambia zimewahi kuvaliwa. Siku moja. Siku ya kukusindikiza. Ilinyesha, unajua, tukakuzika kwenye mvua. Tope la siku ile bado liko kwenye soli.

Regina akageuza buti akalitazama tope. Akasema kwa upole kwamba kaburi liko nyuma ya nyumba, hatua chache, na tope hilo hilo liko mlangoni kwangu.

Nikamwambia si hilo hilo. Hili lilikuwepo.

Hakuguna. Alinywa uji wangu nusu, akaenda.

Jumapili, 9 Machi

Heche amekuja. Nilijiandaa kwa vita. Akatoa kwenye mfuko aliobeba buti zake za zamani, za mgodini, akaziweka mlangoni. Akasema mdogo wake hataki pikipiki, anataka kurudi Sirari, lile lilikuwa neno la kijiweni tu. Akasema alikuwepo kiroba kilipomwangukia Dullah, na ni yeye aliyeviokota vidole. Tangu siku hiyo anatembea nyuma yangu. "Nimechoka, mura," akasema. "Kila ukitia mguu chini moyo wangu unashuka."

Nilizikagua buti zake kutafuta hila. Sikuona. Zina namba mbili zaidi ya mguu wangu, mguu ungecheza ndani na ningekosa breki. Nikamshukuru, nikamwambia wala asihangaike, kesho nitavaa zangu.

Akaniuliza kama naapa. Niliapa kwa jina lako.

Jumatatu, 10 Machi

Mokami, nimeshinda.

Nimezivaa. Zimenikaa kama ulivyopima. Bandeji iliuma, sikupepesa. Kijiweni nilitandika gunia jipya chini, nikasimama juu yake ili tope lisidondoke. Athuman akauliza, "Tomaso, unataka kuswali?" Watu wakacheka, lakini alikagua ngozi, akakagua kifundo, akabonyeza mbele, akasema hizo ndizo buti. Kizibao kimebaki kwangu. Heche akanipa mkono. Akapakia kiroba chake, akatangulia mbele yangu. Ni mara ya kwanza. Alisema leo hana cha kuogopa.

Basi nilimwacha aende. Kwenye kona baada ya shule, ambapo hakuna mtu, nilisimama, nikazivua taratibu, nikazifunga kwenye kanga ya zambarau na kuziingiza kifuani ndani ya koti. Nikavaa ndala. Nilikuwa nimezificha chini ya kiti. Kiapo sijakivunja. Niliapa kuvaa, sikuapa kuvaa njia nzima.

Nimepanda kilima hivyo, na kiroba nyuma. Kiki ya kuwashia pikipiki imenigonga ugokoni mara moja na ndala moja imebaki kwenye mteremko wa kisimani. Mambo madogo. Karibu na machimbo nilizivaa tena, mwenye karasha akazisifu. Nitafanya hivi kila siku. Sijui kwa nini sikulifikiria mapema.

Zimerudi kwenye boksi. Tope lako ni zima, halijadondoka hata chembe.

Unikumbuke.