Sura Tatu za Mwisho za Himid

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Mvua. Nimetoka kumtazama Himid hospitali. Macho yamezima kabisa, figo nazo zimechoka. Anataka asomewe, kwa Kiswahili, sura tatu za mwisho za riwaya yake ya Kirusi: makundi mawili ya wachawi, wa mapaani na wa mahandakini, yanagombania Moscow. Rajab, rafiki yetu, alianza kusema atatafuta mtu. Rajab huyo, kila jambo yeye! Nikamkata kauli. Nikasema Kirusi nakijua, nilikuwa Odessa, bandari wanakosema Kirusi. Kweli nilikuwa. Wiki sita, namenya viazi jikoni. Himid akanishika mkono. Siku njema.

Jumanne, 4 Novemba
Herufi nimetambua tisa. Basi, kubuni. Nikasoma kwa sauti nzito, nageuza kurasa kwa adabu. Wa mapaani wameteka daraja. Himid akauliza Vera yuko wapi. Vera gani? Nikamuua. Himid akageukia ukutani. Jedidah, nesi wa wodi, ananiambia chakula cha mchana kakikataa.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimemfufua Vera. Himid hakushukuru. Rajab kamleta Mrusi wa kweli, mama muuza maua wa Stratford, hapa hapa London. Nikawazuia mlangoni, nikasema mgonjwa amelala. Mama akaacha maua. Nikayaingiza ndani kama yangu.

Ijumaa, 7 Novemba
Himid kaniambia nifunge kitabu.
“Muhsin, nimekisoma mara nne. Vera hafi.”
Nikatamani sakafu inimeze. Nikamuuliza kwa nini basi aliniacha niendelee.
“Wengine wanakaa dakika kumi, wanatazama saa. Wewe ulikaa mpaka jioni.”
Akanitaka niendelee. Nikafungua kitabu tena. Wachawi wakapatana haraka kuliko nilivyopanga.

Jumatatu, 10 Novemba
Tulimzika Himid jana. Baridi kali. Rajab alilia bila kujificha. Mimi nilishughulika na viatu vya watu.
Leo matangani Siham, bintiye, kaja na boksi la barua za Kirusi. Za mwanamke, za ujana wa baba yake. Anataka kumwandikia mwanamke huyo habari za msiba, lakini kwanza ajue walikuwa nani kwa nani. Kauliza nani anaweza kuzisoma. Rajab alikuwa anafungua mdomo.
Boksi liko mezani kwangu. Nimeahidi Jumatano. Barua ya kwanza imeshakamilika: anasema alimpenda sana, na Odessa kuna mvua.