Malalamiko Dhidi ya Printa Mpya ya Ghorofani

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta, mdogo wangu katika kazi,

Salamu nyingi. Natumai u mzima na lile jino limetulia, nimeliombea. Mimi mwili ni mzima, ila roho imekaa upande kwa ajili ya printa mliyoiunganisha Jumatatu na kompyuta kubwa ya ofisi. Naandika kwa mkono, sababu utaiona.

Jumamosi namwoza binti yangu. Fomu ya likizo ya siku saba hutoka kwenye kompyuta kubwa tu, na Meneja lazima aisaini kabla ya Ijumaa mchana. Leo ni Alhamisi. Kwa hiyo nalalamika:

1. Fundi wako aliipa printa anwani yake kwenye mtandao, namba tupu, akaijaribu kwa karatasi tatu alizokuja nazo mkobani, akashangiliwa. Mimi nina miaka ishirini na miwili stoo, hata kibao mlangoni sina. Sikununa.

2. Kila nikituma fomu, kompyuta hunijibu kwamba imepokelewa, iko kwenye foleni. Foleni ya nani, na mtumaji ni mimi peke yangu? Nimebonyeza mara sitini, kila mara nikitanguliza sala.

3. Nikapanda ghorofani kumwona printa mwenyewe. Amekaa kwenye kiyoyozi, taa nyekundu inakonyeza, kama mtu anayejua siri yako. Nikamwambia kwa upole, mwanangu, nina harusi. Mhasibu akapita, akauliza kama nimekuja kuposa.

4. Naomba printa huyu apewe barua ya onyo. Utasema barua za onyo huchapwa na yeye mwenyewe. Hapo ndipo dhuluma ilipo: mshitakiwa ndiye karani wa mahakama. Basi afukuzwe bila barua, na ile printa kuukuu iliyokuwa ikikoroma mezani kwangu irudishwe, ikiwezekana na cheo.

Nisalimie mama watoto, vijana wote wa kitengo, na fundi. Mwambie sina kinyongo naye.

Wako katika subira,
Karani wa Stoo

Nyongeza: Nilikuwa nafunga bahasha, fundi akaja kunieleza kwamba printa haina karatasi. Karatasi zote nilizifungia kabatini Jumatatu ileile, watu wasije wakaichosha kabla haijazoea. Ufunguo ninao shingoni. Nimeipelekea rimu moja. Imetoa fomu zangu zote sitini, mfululizo, bila kununa. Meneja amezisaini zote, maana yeye huwa hasomi. Nimepiga hesabu: siku mia nne na ishirini. Barua nakuletea hivyo hivyo, mwandiko umenitoka vizuri. Tafadhali nijibu upesi: nirudi wiki ijayo au mwakani, na ufunguo wa karatasi nimwachie nani.