Kilio ya Mutu Mwenye Hakuzaliwa

Lundi, tarehe 1, mwezi wa 12
Ziwa ilifungwa leo. Hakuna kuvua samaki mpaka mwezi wa tatu. Bavuvi ba Kabuta, kijiji yetu ya kando ya ziwa, banajaa mbele ya sufuria yangu, banakula vitumbuwa, banatafuta habari. Bahati yangu! Juu mi niko écrivain, mwandishi wa vitabu. Yaani, nitakuwa. Masomo niliachia ku troisième primaire, darasa ya tatu, mais kinywa yangu iko na diplôme.

Pasteur Méschac aliniahidi: siku ya Yenga, ibada ikiisha, nitasimama mbele na kusoma chapitre, sura ya kwanza ya roman yangu, kitabu ya hadithi yenye natunga. Mbele ya batu bote! Mbele ya Vicky pia, ule mwenye anauzaka chisense, tusamaki tudogo, ng'ambo ya njia, mwenye anasema niko na mudomo, akili hapana. Atanijua.

Chapitre iko hivi. Ambroise, mwanaume wa mustache na viatu nyeupe, anatoka Kilwa, ng'ambo ya ziwa, na mutumbwi. Analetea bibi yake frigo, friji ya muzima. Mawimbi inapanda. Banamuambia: tupa frigo! Anakataa. Anazama nayo, anaikumbatia. Nililia miye mwenyewe wakati ya kuandika.

Mardi, tarehe 2
Nilijaribu chapitre kwa Ireen, Mubemba jirani yangu. Sikusoma, nilisimulia tu, huku nikigeuza vitumbuwa. Alishika kichwa. Mayo we! Aliuliza kama marehemu aliacha batoto. Ile sikukuwa nilifikiria. Nikasema bane. Akauliza wa mwisho iko na umri gani. Nikasema ananyonya. Ireen alivua kitambaa ya kichwa, akakimbia, akaacha vitumbuwa yenye alishalipa.

Succès! Ni vile écrivain anagusaka roho ya mutu.

Mercredi, tarehe 3
Sielewi kitu.

Asubui lupango yangu, kiwanja ya nyumba, ilijaa batu. Bamama na unga ya mihogo ku kichwa, chitenge ilifungwa mu kiuno. Banaume banapanga kuni. Bote banalia Ambroise!

Nilisema: bandugu, ile ni roman. Ule mutu nilimutunga miye mu kichwa, hakuna Ambroise. Ireen alinikumbatia. Akaambia bengine baniache, kilio ikizidi mutu anakanaka kifo. Mama moja mwenye nguvu ya sauti akasema tangu tulitoka camp ya bakimbizi ya Kenani, kila habari yenye nilileta ilikuwa ya kweli, hata ile ya mimba, sasa sitaanza kudanganya leo.

Nisikie furaha ao hasira? Sikujua. Machozi ikatoka tu. Bakasema: munaona!

Jeudi, tarehe 4
Vicky!

Alifika mbio, akajitupa chini mu mavumbi, akapiga kelele, akisema Ambroise alikuwa shemeki yake. Shemeki! Mutu mwenye nilimuumba miye mwenyewe na kalamu yangu ya Bic! Akasema kilio haiwezi kukaa kwangu, mi siko famille, na veranda yake iko kubwa. Batu bote bakasimama, bakabeba unga, bakavuka njia. Hata Ireen. Nilibaki na moshi.

Nilimufuata. Nikamuuliza mbele ya bote: shemeki yako alivaa viatu ya rangi gani? Akajibu: nyeusi. Uongo! Nyeupe! Niliandika nyeupe! Bamama bakanifukuza na macho. Bakasema sina haya, nagombana juu ya viatu ya mufu.

Na alitoa frigo mu hadithi! Anasema shemeki alizama na machine ya kushona, ya binti yake kilema, ajifunze kazi. Batu bote bakalia mara ya pili. Mi pia, sikuweza kujizuia.

Siku ya Posho, tarehe 6
Nilifuta frigo. Niliandika machine. Ni roman yangu, naweza.

Jambo ingine inanisumbua. Kila mutu iko na habari yake ya Ambroise. Mumoja alikunywa naye pombe kule Pweto. Mwingine anasema aliimbaka muzuri mu chorale ya kanisa. Naanza kujiuliza: labda kweli alikuwako, nilisikia fasi fulani, nikasahau? Mais ile mustache, nilifikiria miye! Niliitoa ku ndevu ya mbuzi ya Pasteur!

Siku ya Yenga, tarehe 7
Pasteur Méschac alisema roman yangu itangoja, tunaombea marehemu kwanza. Siku yangu! Na Vicky akasimama mbele, fasi yangu, akaanza kusimulia. Batu bakasogea karibu, hata batoto. Alisimulia muzuri, ule mushenzi.

Nikaona: nikinyamaza, Ambroise iko wa Vicky mpaka mwisho ya dunia. Nikaruka. Nikapiga kelele: Ambroise hakufa! Alishika machine, ikamushusha, akaiachilia, akaogelea, iko Chienge, kandokando ya ziwa, muzima!

Haleluya! Ngoma! Batu banarukaruka. Vicky alirudi kukaa ku benchi ya nyuma. Mara ya kwanza tangu namujua. Sijapata kusikia utamu kama ule.

Kisha ibada, banaume batatu bakafunga kuku ku bakinga, yaani baiskeli. Banaenda Chienge kumuchukua. Ile sikukuwa nilifikiria.

Mercredi, tarehe 10
Balirudi. Na mutu.

Ndiyo, na mutu! Ku Chienge baliuliza nani ni Ambroise, kuko chakula na famille yenye inamulilia. Mumoja alisema ni ye. Sasa anakaa ku veranda ya Vicky, anakula kuku, bamama banamupepea. Vicky anamuita shemeki, hata ye hajui tena kama ni kweli.

Nilimuendea karibu. Mustache iko. Viatu nyeusi! Nikamuambia kwa sauti ya chini: hapana, viatu ya Ambroise iko nyeupe, niliandika miye. Aliniangalia kwa huruma. Akasema mayi ya ziwa njo ilizigeuza rangi, akauliza kama naweza kumuongezea vitumbuwa.

Nilimuongezea. Nitafanya nini? Ni mutu wangu.

Jeudi, tarehe 11
Nilielewa kosa yangu: niliua mutu. Roman ya kifo inaleta fujo. Naanza ingine, ya ndoa. Mu ndoa nani atalia? Bibi-arusi ni Reine, muzuri kabisa, anatoka ng'ambo ya ziwa kesho kutwa, siku ya Posho, na mutumbwi.

Safari hii niko na akili. Nilisimulia Ireen peke yake, kwa siri.

Ameshaenda kukopa sufuria kubwa.