Alama za Bwana Tanbihi

Jumatatu, 4 Machi
Hili sijawahi kumwambia mtu, hata dada yangu ninayelala naye chumba kimoja: nasikiliza vikao vya uongozi wa shule. Tangu kidato cha kwanza. Maktaba na ofisi ya Mkuu zimetenganishwa na plaiwudi nyembamba, na rafu ya kamusi imeegemea hapohapo. Ukipanga kamusi taratibu, unasikia yote. Mimi hupanga taratibu sana.

Leo ilikuwa tathmini ya walimu. Makamu alisema bila alama, mvivu na mchapakazi wanapigiwa makofi sawa. Mkuu akasema fomu inapima karatasi, haimpimi mtu. Angeachiwa, angekaa na kila mwalimu wakanywa chai wakaambizana ukweli. Makamu akauliza chai hiyo ataijaza kwenye kisanduku kipi. Ana ulimi, yule.

Kisha balaa. Bwana Tanbihi, mwalimu wetu wa Historia na mtunza maktaba, mwaka jana alipata thelathini na nane kwa mia. Akianguka tena anahamishwa, na maktaba inageuzwa stoo ya viti. Tunamwita Tanbihi kwa sababu kila sentensi yake ina maelezo ya chini, na maelezo hayo nayo yana maelezo yake. Lakini ndiye mtu pekee aliyewahi kuniuliza kitabu kiliishaje, kisha akasubiri jibu.

Nitamwokoa. Akili ninazo.

Jumanne, 5 Machi
Fomu ina sehemu ya maoni ya wanafunzi. Sanduku la maoni liko koridoni. Ndani mlikuwa na ganda la pipi tu. Nimetia maoni hamsini ya kumsifu, kwa miandiko hamsini, mingine ya mkono wa kushoto. Vidole vimekufa ganzi. Ushindi!

Jumatano, 6 Machi
Si ushindi. Makamu kahesabu. Maoni hamsini, darasa la watu thelathini na sita. Sasa anashuku Tanbihi kajiandikia mwenyewe. Nikadondosha kamusi mbili.

Mkuu akasema yeye hamhukumu mtu kwa sanduku. Ijumaa wataingia darasani wote wawili, wakae nyuma, waone. Alama za siku hiyo ndizo za mwisho.

Alhamisi, 7 Machi
Kipengele cha saba cha fomu: wanafunzi wanauliza maswali. Sisi hatuulizi. Tukiuliza tutachelewa chakula cha mchana.

Nimekata kadi thelathini na sita, kila moja na swali na namba, zote za Mapinduzi ya Viwanda, mada ya kesho. Dada akataka kujua kazi gani hii ya chekechea. Nikamwambia jiografia.

Sehemu ngumu: kuongea na watu. Nilimwendea kiranja, tunayemwita Spika, nikiwa nimeandika maneno yangu kiganjani. Akanitazama, akauliza, "We Kimya, leo umetiwa betri?" Akakubali kugawa kadi, kwa sharti namba moja iwe yake. Anapenda sana kuwa namba moja. Mimi nikachukua ishirini. Tunauliza kwa mpangilio, hakuna kurukana.

Mpango hauna tundu hata moja.

Ijumaa, 8 Machi
Tundu: Tanbihi kabadilisha mada.

Alisema madaftari yetu yanaonyesha hatukuelewa kipindi kilichopita, kwa hiyo tunarudi kwenye chanzo cha maandishi. Makamu akatazama andalio la somo, akakunja uso. Nikamfanyia Spika ishara asiulize. Akadhani namwambia aanze.

Akauliza injini ya mvuke ilitumia makaa kiasi gani.

Tanbihi akaweka chaki mezani. Kisha uso ukamng'aa kama mtu aliyepata barua. Akasema mwenye injini lazima aandike makaa yake mahali, na hata watu wa kale walianza kuandika kwa kuhesabu mizigo. Namba mbili akauliza kuhusu viwanda vya nguo. Tatu, reli. Kila swali alilibeba kwa mikono miwili, akalizungusha, akalirudisha kwenye maandishi. Kumi na nane mfululizo!

Kumi na tisa hakuja shule. Anaumwa jino.

Darasa zima likamsubiri mtu asiyekuwepo. Makamu akainua kalamu. Nikajikuta nimesimama; miguu haikuniuliza. Kadi yangu ilikuwa ya bei ya pamba, nami macho hayakuisoma. Nikauliza kabla ya fomu kubuniwa, watu walijuaje mwalimu huyu ni mzuri.

Tanbihi hakuweka tanbihi hata moja. Akasema, "Walimletea mtoto mmoja, kisha wakamletea na mdogo wake."

Nyuma, Mkuu akacheka peke yake.

Jumatatu, 11 Machi
Sabini na nne! Nimesikia kwa masikio yangu. Mkuu hakutaka kutoa alama yoyote. Makamu ndiye aliyemtetea. Alisema kipindi kimepangwa, hata kipofu angeona, lakini hajawahi kumwona mwalimu akipigwa maswali kumi na nane ya mada nyingine bila kupotea njia. Hilo halina kisanduku, kaliandika pembeni. Maktaba inabaki. Nikaikumbatia kamusi.

Kisha jina langu likaitwa, kupitia plaiwudi, bila hata kupaza sauti.

Mkuu alikuwa na kadi mezani, zote kwa mwandiko wangu. Spika alizisahau zote kwenye dawati. Akaniambia niketi. Hakufoka. Alisema, "Mwanangu, huenda angeshinda bila wewe. Sasa hatutajua, wala yeye hatajua." Akaniagiza nimweleze Tanbihi mwenyewe.

Nikamweleza. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mwishowe akauliza swali la pamba lilikuwaje. Nikamsomea. Akalijibu kwa nusu saa.

Jumanne, 12 Machi
Nilidhamiria kuacha kabisa. Nilipanga kamusi haraka haraka, lakini zilikuwa nyingi.

Alhamisi anakuja mkaguzi kumpima Makamu akifundisha darasa letu. Makamu anaogopa, nimemsikia akimwuliza Mkuu kama tai yake ya bluu inafaa. Kosa la mara ya kwanza nalijua: nilitegemea mada moja. Na sikuweka mtu wa akiba wa kumi na tisa.

Wakati wa mapumziko nilikwenda darasani, nikafuta ubao, nikaandika: Mazoezi, saa saba, wote. Kisha nikaketi mstari wa mbele kuwasubiri.